Roho Tatu za Swaleh

Jumatatu, 4 Agosti

Mahamri ya kuuza yameisha mapema. Athu kanyonya, kalala. Nimemgeuza Swaleh ubavu wa kushoto, nikamwekea mto katikati ya magoti, nikamfuta. Nepi ya mtoto, nepi ya baba yake. Ndoo moja, sabuni moja. Siku hizi sijui tena harufu ya nani ni ipi.

Kidonda kimekua. Kiko pale mwisho wa uti wa mgongo. Kilianza kama doa jekundu, sasa kina shimo. Nesi wa zahanati alinieleza polepole, kama anayesema na mtoto. Mtu asiyehisi mwili wake akilalia mahali pamoja, nyama inakufa chini yake na yeye hana habari. Kikifika mfupani sumu yaingia kwenye damu. Akasema hicho ndicho kitakachomuua, mgongo wenyewe hauui. Kwa hivyo ni kumgeuza. Mchana kumgeuza, usiku kumgeuza.

Swaleh hataki kugeuzwa. Nimeshahamisha tv hadi upande wa ukuta, bado hataki. Akilala ubavu mkono mmoja wabanwa, na gemu yataka mikono miwili.

Mgongo wangu mimi wauma. Huo nauhisi.

Jumatano, 6 Agosti

Ile mashine ya gemu aliileta Kenga, mwenzake wa sarakasi. Walikuwa wakicheza hotelini, Swaleh ndiye wa juu kabisa, anayesimama kwa mikono juu ya vichwa vya wenzake huku wageni wamefumba macho. Kila mtu alijua ataanguka huko. Hakuanguka huko. Alianguka kwenye paa la jirani akimsaidia kupigilia bati. Paa fupi, hata mbuzi angeruka. Kuanzia kiunoni kwenda chini hana chake. Athu alikuwa bado tumboni mwangu.

Kenga alisema gemu itamtoa mawazo. Imemtoa kweli. Imemtoa mzima mzima, ikatuachia kilichobaki.

Ni mtu anayekimbia juu ya mapaa. Anaruka kuta, anapinduka hewani, anatua. Mwanzo kabisa unaruhusiwa kumtengeneza huyo mtu, rangi, pua, nywele. Swaleh amemtengeneza awe yeye. Jina lake amempa. Hata lile kovu la kwenye nyusi amempa. Mtu huyo ana roho tatu. Akianguka yakatika moja. Zikiisha zote amekufa, anaanza upya na roho tatu nyingine.

Kovu lile lilinikera kuliko yote. Namchukia yule mtu.

Zuhura hukaa kitandani ubavuni mwa baba yake akihesabu roho. Ana miaka minne, hesabu zake zote kajifunzia hapo. Tatu, mbili, moja, Baba kafa. Anacheka. Baba yake naye anacheka. Ndicho kicheko pekee humu ndani, kwa hivyo nanyamaza.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nikimwosha miguu nilimuuliza kama maji ni moto sana. Huwa najisahau. Miezi yote hii bado najisahau.

Hakuondoa macho kwenye tv. Akasema, "Usiniulize mimi. Mimi siko huko."

Nikamuuliza uko wapi basi. Akaonyesha kwa kidevu, kule kwenye mapaa.

"Wewe waosha chombo, Kadzo."

Kadzo ni jina langu la nyumbani, la Ganze. Hapa Shella wote waniita Mariamu tangu niliposilimu. Yeye huniita Kadzo akiwa na upole, na leo alikuwa na upole, ndilo lililoniumiza. Alinieleza vizuri tu. Kwamba akiuambia mguu huu ruka, haumjibu. Akimwambia yule ruka, yule karuka, hata kabla hajamaliza kuwaza. Sasa mguu wake ni upi? Mtu yuko pale mwili unapomtii au pale unapolala tu?

Mimi niliishia darasa la nane. Nilimaliza kumkausha vidole, kimoja kimoja, maana unyevu ukibaki ngozi huchubuka. Halafu nikatoka nje nikalia kidogo. Halafu nikaanika nguo.

Jumapili, 10 Agosti

Kwetu, nyuma ya nyumba ya babu, kuna vigango. Ni magogo yaliyochongwa mfano wa mtu, kichwa cha duara na kiwiliwili bapa, yamesimamishwa kwa ajili ya wazee waliokufa ili koma, yaani roho zao, zipate pa kukaa. Tukiwa watoto tulikatazwa kuvigusa. Kigango kikishasimamishwa hakisogezwi, kukisogeza ni kumsumbua aliyemo.

Mama mkwe angejua nawaza haya angesema nimerudia ya zamani. Lakini nimewaza siku nzima. Mzee huchongewa kigango akishakufa. Swaleh kajichongea mwenyewe, kakipa jina na kovu, kahamia. Na mimi nina mwili wake mikononi nao una joto.

Na jambo jingine. Yule mtu wa kwenye gemu asipochezeshwa na yeyote hasimami kama gogo. Anapumua. Kifua chapanda, chashuka. Anahamishia uzito mguu huu, mara ule, anatazama huku na huku kama anayengoja mtu. Swaleh alikuwa amesinzia, ile padi yao ya kuchezea imelala kifuani, na yule pale anaendelea kupumua. Zuhura akaniuliza ni nani anayempumulia.

Nikatazama kifua cha Swaleh. Nacho kinapanda, kinashuka. Swali lilikuwa lilelile.

Jumanne, 12 Agosti

Kidonda kimeanza kunuka.

Nimesema hospitali. Kakataa. Nimesema basi lala ubavu mpaka adhuhuri. Kakubali, nilipogeuza kisogo karudi chali kwa kujivuta na mikono. Ile mikono ya sarakasi bado ina nguvu. Nilipomfunua shuka ilikuwa imegandia nyama. Nikaibandua na maji ya uvuguvugu. Yeye yuko juu ya paa, anaruka. Mimi nabandua shuka kwenye nyama yake na yeye anaruka.

Nikachomoa waya.

Hakupiga kelele. Alinitazama tu, kama mtu aliyesukumwa kutoka juu. Nikamwambia nitakurudishia siku utakapokubali kutunzwa. Nilisema kwa sauti ileile ninayomwambia Zuhura. Aibu ilinishika lakini sikuurudisha.

Jumatano, 13 Agosti

Hajanisemesha. Hajala. Anatazama boriti.

Athu leo ameuona mguu wake. Nilimlaza pale kitandani karibu na baba yake. Mguu ulipita mbele ya macho yake akaukamata, akaukodolea, akautia mdomoni. Akashtuka kuwa anayeuma na anayeumwa ni mmoja. Akautoa, akautazama, akaurudisha. Nimecheka peke yangu.

Swaleh alikuwa anamtazama. Alimtazama muda mrefu. Kisha akageuzia uso ukutani.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeurudisha waya. Bora aoze akicheka.

Nimeandika hivyo, nikakata, nikaandika tena. Ndivyo nilivyowaza.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitayaandika kwa mpango.

Asubuhi mama mkwe alipiga simu kutoka Mambrui, kama kawaida yake. Mimi niko na mafuta ya moto, nikamwambia Zuhura apokee asalimie. Nilimsikia anaamkia, anajibu hili na lile, kisha kaniletea simu imezima, haina moto. Nikaichomeka kwenye chaji nikaiacha. Swaleh alikuwa na visikizio masikioni. Nikambeba Athu, nikamshika Zuhura mkono, nikatoka kwenda kutafuta bandeji. Nikafunga kufuli kwa nje. Hufunga siku zote, maana yeye hawezi kuinuka kumzuia mtu, na tulishaibiwa sufuria anaona.

Kurudi, kichochoro chetu kimejaa kanzu. Viti vya madrasa vimepangwa. Ukutani kwetu, chini ya dirisha lake, jeneza la msikitini limeegeshwa.

Miguu haikunijibu. Niliiambia twende, haikwenda.

Wanawake wakanidaka. Pole Mariamu, ndiyo kazi ya Mungu Mariamu. Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini, paji la uso limegusa mlango. Mjomba Shee, ndugu yake, akaniomba ufunguo kwa kunong'ona, akasema wamegonga, wameona ni vibaya kumvunjia marehemu mlango. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Niliona wote wamekwisha kunisamehe, nikaogopa zaidi.

Nikafungua. Alikuwa chali. Visikizio shingoni. Macho wazi, machozi yameteremka hadi masikioni. Nilisimama pale na mtoto mgongoni nikayatazama yale macho.

Yakapepesa.

Kabla sijapata sauti mama mkwe alikuwa ameshanipita. Uso hakuutazama. Alikwenda moja kwa moja miguuni, akaikumbatia yote miwili, akaweka shavu kwenye nyayo. Alikuwa analia na kusema pamoja. "Hii ndiyo niliyoiona mwanzo. Ulinijia kwa miguu, mwanangu. Mkunga kaniambia ni mvulana, nami sijakuona uso, nimeona miguu tu. Waniache niioshe hii. Kwengine wataosha wanaume, hii waniachie."

Swaleh akasema, "Mama, niko hai."

Kisha sauti ya Mjomba Shee dirishani, "Kasema nani?"

Ilichukua muda kuelewana. Zuhura ndiye aliyetueleza, amesimama katikati ya watu wazima, haoni kosa lake. Bibi aliuliza Baba hajambo. Yeye akamwambia Baba kafa, roho zote zimekwisha. Akataka kumwambia kwamba ataanza tena, simu ikazima. Mama mkwe akapiga, akapiga, mteja hapatikani. Akampigia ndugu yake. Ndugu yake akenda msikitini.

Kicheko kilianzia nje, kwa mmoja, kikasambaa. Mjomba akaingia, akamtazama Swaleh kutoka juu hadi chini kama anayekagua mbuzi. "Nimefunga duka kwa ajili yako. Siku nyingine ukifa ufe mwenyewe, usitutumie mtoto." Watu wakalibeba jeneza kulirudisha. Ni jepesi kumbe. Viti navyo vikarudi madrasa.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa bado ameishika miguu. Alivuta pumzi, akanusa. Akainua shuka. Nilitaka kusema nimejaribu, mama, namgeuza, wallahi namgeuza. Akasema mgeuzeni. Mjomba na mimi tukamgeuza. Akakitazama kidonda, kilemba kimemwanguka mabegani, hajakiokota.

Yule wa kwenye tv alikuwa palepale anapumua. Mama mkwe alimwona, akauliza ni nani, Zuhura akamwambia ni Baba. Akaweka mkono juu ya kiuno cha mwanawe, karibu na lile shimo.

"Roho yako yatokea hapa, Swaleh. Kule hamna kitu."

Jumapili, 17 Agosti

Mama mkwe amelala chumba cha nje na watoto. Swaleh ameongea.

Alisema alivua visikizio aliposikia kilio. Alijua mara moja ni chake. Dirisha lilikuwa wazi, pazia tu limeshushwa, alisikia kila neno. Nikamuuliza kwa nini hukuita. Akasema alitaka kusikiliza kwanza, kama mtu anayetazama mwingine akicheza. Kisha akashindwa kuanza.

Alisikia kaburi litachimbwa kando ya babake. Alisikia mtu akisema afadhali kapumzika. Mwingine akasema na mkewe atapumzika, bado mdogo yule, ataolewa. Hayo aliyatarajia. Kilichomshangaza ni kwamba muda wote ule walikuwa wanausema mwili. Alivyokwenda madrasa kwa mikono, miguu juu, mwalimu akamwadhibu kwa kuchafua juzuu. Anavyotafuna. Alivyombeba nyanya yake mgongoni siku ya mafuriko. Hakuna aliyetaja anachowaza. Akasema, "Nilingoja wanililie mimi. Wakalilia hiki." Akajigonga paja. Kisha akasema kwamba labda hapakuwa na mwingine wa kuliliwa, na kwamba hilo limemtisha kuliko jeneza.

Halafu akaniuliza. Kutoka kichochoroni hadi mlangoni, nilihisi nini.

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nakunja nepi, nikaziacha. Nikamwambia kwamba kabla ya uchungu kilikuja kitu kingine, kidogo, kama kutua ndoo kichwani. Halafu ndipo uchungu ulikuja, na ulikuwa mkubwa, lakini kile kilitangulia.

Alinishika mkono. Tulikaa hivyo mpaka Athu akalia.

Kesho hospitali. Kakubali yeye mwenyewe.

Jumatano, 20 Agosti

Wodini. Nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ndicho kiti.

Wamekata nyama iliyokufa. Hakudungwa hata ganzi, hakuna haja. Alikuwa amelala kifudifudi anaongea na daktari habari za mpira huku akikatwa. Mimi ndiye niliyesikia maumivu. Sijui yalitoka wapi, lakini niliyasikia hapohapo mahali palepale, mwisho wa mgongo wangu.

Walipomaliza aliniomba nipige picha kwa simu. Sikutaka. Akasisitiza. Alipoiona akaikuza kwa vidole, akasogeza huku, akasogeza kule, kama anavyotazama ramani ya gemu kabla ya kuruka. Mbona kubwa hivi, akasema. Na mimi nilikuwa wapi, akauliza.

Mfupa hawajauona bado. Umekaribia. Daktari haahidi. Alisema tungojee, na alisema huku anaosha mikono.

Muuguzi wa zamu, mwanamke mnene mwenye mikono kama ya mama yangu, amenifundisha jambo ambalo sikulifikiria. Alale kifudifudi. Mito chini ya kifua, mito chini ya nyonga, vidole vya miguu vining'inie nje ya godoro. Kidonda chapata hewa, na mikono yote miwili iko huru. Swaleh akanitazama. Tukawaza kitu kimoja. Sikujua nicheke au nimpige.

Jumatatu, 1 Septemba

Tuko nyumbani. Mama mkwe amerudi Mambrui, kaniachia mafuta ya nazi ya kumpaka nyayo. Homa humjia na kwenda. Daktari amesema tukae tayari, kikienda vibaya atapelekwa mbali, na huko kwenyewe hakuna hakika. Nafunga bandeji asubuhi na jioni. Shimo halijapungua. Halijaongezeka.

Tv nimeishusha juu ya kigoda. Anacheza kifudifudi, kidevu juu ya mto, Zuhura pembeni kama zamani. Neno roho nimelipiga marufuku. Sasa huhesabu "nafasi". Tatu, mbili, moja, Baba kaanguka. Kidogo yasikika bora.

Bado hupotea. Kuna saa namwita mara kadhaa kabla hajarudi. Sidhani ataacha, na sijui kama mimi nikiwa yeye ningeacha.

Alasiri nilileta beseni. Akaniona, akasimamisha mchezo mwenyewe. Yule mtu akabaki juu ya paa lake, anapumua, anatazama huku na huku. Nikalowesha kitambaa, nikaanza chini. Swaleh hakuweza kuniona, kalala kifudifudi, uso kaulekeza ukutani.

Akasema, "Niambie uko wapi."

Nikamwambia kisigino. Cha kulia. Nikamwambia sasa fundo la mguu. Sasa nyuma ya goti, pana jasho hapa. Alikuwa amefumba macho. Hakujibu, ila nikichelewa kutaja alikuwa akiinua kichwa kidogo kungoja. Paja. Paja la pili. Nyonga.

Nikafika kwenye bandeji. Nikanyamaza.

"Na hapo sema," akasema.

Nikasema.